Saba Saba Ndiyo Nini, Mama?

Kama uko jikoni unasubiri chai ichemke, kama uko dukani unapanga bidhaa, kama uko shambani na redio umeitundika mtini, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Leo sina hotuba. Nina swali, na swali lenyewe si langu. Ni la mtoto mmoja niliyepanda naye daladala.

Ilikuwa juma lililopita, jioni, ile saa ambayo watu wa Mbagala wanaijua wenyewe. Gari limejaa, tumebanana kama ndizi kwenye chane. Tunakwenda na Barabara ya Kilwa taratibu, foleni mbele, foleni nyuma. Konda akagonga bodi: “Saba Saba wapo?” Sauti ikatoka nyuma: “Shusha!”

Kulikuwa na mtoto wa kike amepakatwa na mama yake, miaka sita hivi, nywele zimesukwa vizuri. Akauliza, “Mama, Saba Saba ndiyo nini?”

Mama akasema, “Ndiyo hapa, kwenye maonesho. Mwaka jana si tulikuja, ukanunuliwa puto?”

“Maonesho yakiisha panaitwaje?”

“Panaitwa Saba Saba.”

“Kwa nini?”

Mama akanyamaza. Konda, mkono umejaa noti na sarafu, akaona amsaidie. “Dogo, hiyo ni tarehe. Tarehe saba, mwezi wa saba. Saba, saba. Umeelewa?”

Mtoto akafikiri kidogo, kisha akauliza: “Sasa hiyo tarehe ilifanya nini?”

Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka. Palikuwa na mzee mmoja mbele, amevaa kofia ya vito, akasafisha koo. Nikajua huyu sasa atajibu. Mzee akasema, “Konda, nishushe hapo Mtoni,” akashuka. Tukaendelea na safari. Mpaka nafika kwangu hakuna aliyemjibu yule mtoto, na mimi ninayelipwa kwa kuzungumza nilikuwa nimekaa kiti cha pili nyuma yake, natazama dirishani.

Ndugu msikilizaji, swali hilo limekaa nami tangu siku ile. Tarehe ilifanya nini? Zimebaki siku chache tuifikie tarehe 7 Julai. Ofisi zitafungwa, watu watapumzika. Sasa leo, kabla hatujapumzika, nataka tuzungumze habari ya hizi sikukuu za taifa. Nitagusa mambo matatu. La kwanza, sikukuu inayobaki na jina huku maana yake inabadilika. La pili, sikukuu inayobaki na tarehe huku jina lake linabadilika. La tatu, sikukuu ambayo hata tarehe yake hatuijui mpaka usiku wa mwisho, lakini maana yake haijawahi kutikisika. Tukimaliza hayo matatu tutajiuliza: kwa nini hiyo ya tatu imezishinda zote kwa nguvu?

Tuanze na la kwanza.

Kama una kalenda ukutani, ile uliyopewa bure na benki au na duka la jumla, isogelee. Soma zile tarehe za wino mwekundu kwa sauti. Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari. Siku ya Karume, tarehe 7 Aprili. Muungano, tarehe 26 Aprili. Mei Mosi. Saba Saba. Nane Nane. Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba. Uhuru, tarehe 9 Desemba.

Umesikia tofauti? Kuna majina yanayobeba habari yake mgongoni. Ukimwambia mtoto “Mapinduzi,” atauliza nani alimpindua nani. Ukisema “Muungano,” atauliza nini kiliungana na nini. Jina lenyewe linamvuta. Lakini Saba Saba? Nane Nane? Hayo ni majina ya hesabu. Na jina la hesabu, ndugu yangu, ni kama debe. Leo limetiwa mafuta ya taa, kesho limepimiwa mahindi, keshokutwa limewekwa mchanga wa kujengea. Debe ni lile lile. Kilichomo ndani ndicho kinachobadilika, na asiyefunua hajui.

Hebu tulifunue hilo debe la Saba Saba.

Chini kabisa kuna mwaka 1954. Tarehe 7 Julai mwaka huo, hapa Dar es Salaam, wajumbe wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, kilichojulikana kama TAA, walikutana wakakigeuza kuwa chama cha siasa chenye nia ya kujitawala. Wakakiita TANU, na Mwalimu Julius Nyerere akiwa rais wake. Wanaohesabiwa waasisi ni watu kumi na saba. Wamo kina John Rupia, Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Saadani Kandoro, Tewa Said Tewa, Germano Pacha, Japhet Kirilo na wenzao. Walikutana katika mtaa ulioitwa wakati ule New Street. Leo ni Mtaa wa Lumumba, pale karibu na Mnazi Mmoja. Miaka saba na miezi mitano baadaye, nchi ikawa huru. Saba tena!

Kwa hiyo Saba Saba ilizaliwa kama siku ya chama. Kisha debe likaongezwa: ikawa siku ya wakulima, kwa kuwa TANU ilijinadi kuwa chama cha wakulima na wafanyakazi. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka mahindi na mihogo mikubwa ikioneshwa viwanjani, na vijana katika halaiki. Baadaye wakulima wakapewa siku yao nyingine, tarehe 8 Agosti, ndiyo Nane Nane, na viwanja vyao: Nzuguni kule Dodoma, Themi Arusha, John Mwakangale Mbeya, Nyamhongolo Mwanza. Saba Saba ikabaki na biashara. Ndiyo yale maonesho ya kimataifa pale Barabara ya Kilwa, mabanda ya nchi mbalimbali, masufuria ya bei ya ofa, na puto la yule mtoto.

Umedhani tumemaliza? Bado. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977, ilianza upya rasmi mkataba wake ulipoanza kufanya kazi. Lini? Tarehe 7 Julai 2000. Na mwezi Novemba 2021, UNESCO kule Paris ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ikachaguliwa tarehe hiyo kwa sababu TANU ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kupigania uhuru. Hiki unachokisikia kutoka kinywani mwangu sasa hivi kina siku yake duniani, na siku hiyo ni Saba Saba.

Sasa vuka mpaka. Panda basi, pita Namanga au Horohoro, ingia Kenya. Mwambie Mkenya “Saba Saba” uone sura yake. Huko Saba Saba haina puto. Mwaka 1990, wakati Kenya ina chama kimoja tu kwa mujibu wa katiba, Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa hadhara uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Mkutano ulipangwa tarehe 7 Julai. Serikali ikaukataza, na siku chache kabla yake wawili hao wakawekwa kizuizini. Watu walitoka hata hivyo. Polisi wakatoka. Pakatokea vifo. Mwishoni mwa mwaka uliofuata kile kifungu cha chama kimoja kikaondolewa katika katiba. Hadi leo, Saba Saba ya Kenya haimo katika orodha ya sikukuu za serikali, na bado kila mwaka watu wanaikumbuka.

Unaona, ndugu msikilizaji? Namba ni zile zile mbili. Upande huu wa mpaka ni kuzaliwa kwa chama, kisha shamba, kisha soko, kisha lugha. Upande ule ni siku ya kudai chama kisiwe peke yake. Konda alisema kweli: ni tarehe. Na mtoto akauliza kweli zaidi: tarehe ilifanya nini?

Hilo lilikuwa la kwanza: jina linabaki, maana inabadilika. Twende la pili: tarehe inabaki, jina linabadilika.

Tusiondoke Kenya bado. Wakenya wana sikukuu tarehe 10 Oktoba. Waliozaliwa zamani waliifahamu kama Siku ya Moi, kwa heshima ya Rais Daniel arap Moi. Ikaja Katiba mpya ya mwaka 2010, ikataja siku kuu za taifa tatu tu: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Siku ya Kenyatta, tarehe 20 Oktoba, ikawa ndiyo Siku ya Mashujaa. Ya Moi haikutajwa, ikadhaniwa imekufa. Miaka ikapita, watu wakienda kazini siku hiyo kama kawaida. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, sheria ya sikukuu haijaifuta, siku bado ipo. Basi ikarudi. Lakini irudi na jina gani? Ikaitwa Siku ya Huduma. Ikaitwa Siku ya Utamaduni. Na tangu mwaka 2024 inaitwa Siku ya Mazingira, watu wahimizwe kupanda miti.

Siwacheki majirani. Kupanda miti ni jambo jema. Nakuuliza tu: mtoto aliyezaliwa Kisumu au Voi mwaka ule wa 2010, amekua akiiona siku hiyo haipo, kisha ipo, kisha ina jina hili, kisha lile. Ukimwuliza tarehe 10 Oktoba ni siku gani, atakwambia nini? Atakwambia ni siku ya kutokwenda shule. Na mbona sisi wa huku wengi wetu tungejibu hivyo hivyo kwa sikukuu zetu?

Basi tumeshaona mawili. Jina lilibaki, maana ikatoroka. Tarehe ilibaki, jina likatoroka. Serikali zinaweza kutangaza, kufuta na kurudisha, na hiyo ni kazi yao halali. Tangazo linaweza kufunga ofisi. Halina uwezo wa kumwingiza mtu sikukuu moyoni.

La tatu sasa. Hapa nitakuomba twende nyumbani kwa bibi yangu.

Mimi nimekulia Tanga. Usiku wa tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani, nyumba yetu ilikuwa haina utulivu. Baada ya futari wanaume walitoka kibarazani, shingo zimeelekea magharibi. Redio iliwekwa dirishani, antena imefungwa kipande cha waya hadi kwenye msumari. Bibi alikuwa amekwisha chagua mchele, umo kwenye ungo. Viungo vimetwangwa. Lakini vitunguu vilikaa kwenye sinia na maganda yake, kisu pembeni. Tukimwuliza, alisema, “Vitunguu havikatwi mpaka mwezi uandame.” Na kwa fundi cherehani, nyumba ya tatu, karabai inawaka, mashati yetu yametundikwa kwenye kamba: yana mikono, yana kola, hayana vifungo.

Tukasikiliza. Redio inakoroma, inatulia, inakoroma. Mtangazaji akisema mwezi umeonekana, mtaa ulilipuka kwa kelele za watoto, na bibi alikishika kisu bila kusema neno. Akisema mwezi haukuonekana, bibi aliifunika sinia, akasema, “Haya, daku ipo.” Na usiku huo mtu mmoja tu mtaani alikuwa na furaha: fundi.

Kalenda zetu mpaka leo zinaandika pembeni ya Idi: kulingana na mwandamo wa mwezi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko huu wa jua kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Idi inazunguka: miaka fulani inaangukia mvua za masika, miaka fulani kipupwe, miaka fulani joto la Desemba. Na kila mwaka tunabishana, wanaofuata mwezi ulioonekana nchini na wanaofuata ulioonekana popote duniani. Tarehe haijulikani! Ungesema sikukuu ya namna hii ingepotea mapema kuliko zote. Je, imepotea?

Haijapotea. Na mimi nakumbuka siku niliyoijua Idi ni nini. Nilikuwa mdogo kama yule mtoto wa daladala. Alfajiri, kabla ya swala, bibi alipima mchele, kipimo kimoja kwa kila kichwa cha nyumba yetu, hata kichanga kilichokuwa hakijui kukaa. Hiyo ni zaka ya fitri. Akanitwisha, akaniambia nimpelekee mama mmoja jirani, mjane. “Wahi kabla watu hawajaswali. Mpe kwa mikono miwili, umwambie Idi njema, halafu urudi usisimame njiani.” Hakunipa somo lingine. Nilipofika, yule mama alikuwa amekwisha teleka maji. Alijua mchele unakuja.

Na wenzetu Wakristo ni hivyo hivyo. Nenda kituo cha mabasi mwezi wa Desemba uone watu wa Kilimanjaro wanavyopigania nafasi warudi nyumbani kwa Krismasi. Hakuna waziri aliyewaagiza. Wana kitu cha kwenda kufanya: ibada, mbuzi wa familia, kaburi la babu la kufagiliwa, wazee wa kusalimiwa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, ndugu msikilizaji, na hili nitalisema taratibu. Sikukuu hukaa pale inapopewa kazi ya kufanywa nyumbani. Nalirudia. Sikukuu hukaa pale inapopewa kazi ya kufanywa nyumbani, na kazi hiyo apewe hata mtoto. Idi ina mchele wa kupeleka kwa jirani. Krismasi ina safari. Je, Uhuru ina nini nyumbani kwako? Muungano je? Sherehe zake ziko uwanjani: gwaride, halaiki, ndege zinapita juu, hotuba. Ni nzuri, mimi mwenyewe gwaride nalipenda. Lakini uwanja ni mmoja, na sisi ni mamilioni. Tuliobaki tumeketi, tunatazama televisheni, tena wengine tumeishabadilisha chaneli tunatafuta mpira.

Unataka ushahidi? Twende Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi huu huu wa Julai. Kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Katika zile tarehe nyekundu za kalenda haimo. Lakini watu wa Makunduchi walioko mjini, walioko Bara, wanarudi kwao. Wanaume wa upande huu na upande ule wanacharazana kwa mikomba ya migomba, wayamalize ya mwaka mzima. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Kina mama wamevaa wakapendeza, wanaimba. Mgeni akipita bila kulishwa, wenyeji wanaona aibu. Sherehe hiyo haijasubiri tangazo, kwa sababu kila mtu pale ana la kufanya.

Ushahidi wa pili uko kwenye sikukuu za taifa zenyewe. Ukitaja Muungano, ni picha gani inayokujia kichwani? Naamini ni ile ya Mwalimu mwaka 1964, anachanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar. Hati za Muungano tulio wengi hatujazisoma. Udongo tunaukumbuka, kwa kuwa palikuwa na mikono na palikuwa na kitu kilichofanyika.

Na wa tatu ni wa juzi juzi. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli, akiwa na mwezi mmoja tu Ikulu, alifuta sherehe za Uhuru. Kipindupindu kilikuwa kinatusumbua. Akasema siku hiyo tufanye usafi, na fedha za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, hapa Dar es Salaam. Mwenyewe akaonekana maeneo ya Feri anaokota taka kwa mikono. Kulikuwa na waliolalamika kwamba Uhuru haufutwi, na walikuwa na hoja. Mwaka 2022 tena Rais Samia Suluhu Hassan alifuta shamrashamra, fedha zikaenda kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Sasa jipime mwenyewe: katika sikukuu zote za Uhuru ulizoishi, ni ipi unayokumbuka ulikuwa wapi na mkononi ulishika nini? Mimi ni ile ya 2015. Nilishika reki. Jirani ambaye hatukuwa tukisalimiana alishika toroli. Tangu siku hiyo tunasalimiana.

Najua kuna anayenisikiliza akasema, “Wewe mtangazaji, mimi nataka kulala tu siku hiyo. Nimechoka.” Una haki, tena haki kubwa. Mapumziko si jambo dogo. Mei Mosi yenyewe ilitokana na watu waliochoka: wafanyakazi wa Chicago, Marekani, waliogoma mwaka 1886 wakidai kazi iwe saa nane kwa siku. Kwa hiyo lala, ndugu yangu, lala salama. Lakini kabla hujalala, tuulizane: nani hapumziki ili wewe upumzike?

Kuna muuguzi yuko zamu. Kuna mlinzi getini. Kuna yule konda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Mara mbili, msikilizaji. Kama hukuwa unajua, sasa umejua. Kama wewe ndiye mwajiri, sasa huna kisingizio. Kuna kibarua wa ujenzi anayelipwa akifanya, asipofanya hapati. Kwake wino mwekundu wa kalenda ni siku ya kulala na njaa.

Na yupo mwingine, huyu yuko karibu zaidi. Ni dada wa kazi, humo ndani kwako. Sikukuu ikifika, wageni wanakuja, sahani zinaongezeka, watoto wako nyumbani wanachafua. Pilau ya Uhuru nani anaipika? Vyombo vya Mei Mosi nani anaviosha? Sisi tumepumzika, yeye kazi yake imekuwa mara mbili. Mara mbili ya kazi, na malipo yale yale. Tunaadhimisha siku ya wafanyakazi, na mfanyakazi yuko jikoni anasugua sufuria.

Sasa tumalizie. Nisije nikakuacha na maswali matupu. Nimesema sikukuu hukaa pale inapopewa kazi ya kufanywa nyumbani. Kazi gani? Nikupe mifano, wewe utaongeza yako.

Mei Mosi: dada wa kazi akae sebuleni, wenye nyumba waingie jikoni. Baba akate vitunguu, hata kama atalia. Muungano: mtume mtoto alete udongo kidogo kutoka kwenu, na akija mgeni kutoka Pemba au Unguja aje na wa kwake, mpande mwembe mmoja. Nane Nane: kabla hamjala, kila mmoja aseme chakula kilichoko mezani kimelimwa mkoa gani. Utashangaa jinsi watoto wasivyojua, na wewe mwenyewe utashangaa ulivyosahau. Siku ya Karume na Siku ya Nyerere: mzee wa nyumba aeleze siku ile alikuwa wapi habari ya kifo ilipomfikia. Mwaka 1972 kwa mmoja, 1999 kwa mwingine. Wazee wapo, ila hawaulizwi.

Na Uhuru? Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, uwanjani Dar es Salaam, ilipofika saa sita taa zilizimwa. Gizani bendera ya Uingereza ikashushwa. Taa zilipowashwa, bendera ya Tanganyika ilikuwa juu. Na kileleni Kilimanjaro Luteni Alexander Nyirenda akauwasha Mwenge wa Uhuru. Basi usiku wa kuamkia tarehe hiyo, saa sita kamili, zima taa za nyumba yako kwa dakika moja. Waambie watoto wakae kimya gizani. Kisha washa. Najua majirani watadhani umeme umekatika, maana tumeshazoea. Waache wadhani. Mtoto aliyekaa kwenye giza hilo dakika moja hatakuuliza tena Uhuru ndiyo nini.

Imebaki Saba Saba, na hili ni deni langu mwenyewe. Mwaka huu, kabla ya kwenda kwenye mabanda kutafuta sufuria za ofa, nitamchukua mtoto wa dada yangu, tushuke Mnazi Mmoja, twende kwa miguu hadi Mtaa wa Lumumba. Hatutakaa sana. Nitamwonesha tu. Halafu tutapanda daladala la Mbagala.

Na wewe, mama uliyempakata yule mtoto wa kike mwenye nywele zilizosukwa, kama redio yako iko wazi, mwite asogee. Mwanangu, samahani, siku ile nilikuwepo na sikukujibu. Tarehe haikufanya kitu. Watu ndio waliofanya. Walikuwa wachache, wangeweza kuenea kwenye lile daladala tulilopanda na viti vikabaki. Walikuja wengine kutoka mbali, wakakaa kikao mtaa mmoja wa mjini, wakakubaliana kwamba nchi hii itakuwa yetu. Hawakukifahamu kilugha cha kila mwenzao, kwa hiyo walisemezana kwa Kiswahili, hiki ulichomwulizia mama yako. Ilikuwa tarehe saba, mwezi wa saba. Ukipita pale tena, konda akiuliza nani wa Saba Saba, wewe ndiye umwambie.

Saba Saba njema.